Mchua misuli abaki, ila kazi yake ibadilike

Kwenye viwanja vya mchangani vya Dar es Salaam yupo mtu asiye na cheti wala mkataba, na mara nyingi hana hata jezi ya timu, lakini mchezaji akidondoka ndiye anayeitwa kabla ya mwingine yeyote. Wenyewe wanamwita dokta. Begi lake lina chupa ya maji ya baridi, dawa ya kupuliza, bandeji iliyofuliwa hadi ikalegea, na kikopo cha mafuta ya kuchulia ambayo harufu yake inamfikia hadi refa. Siku za kazi anafuatwa nyumbani. Wanaomfuata huko wengi si waliogongwa jana. Ni watu wa maumivu ya muda mrefu: mzee wa timu ya maveterani ambaye kisigino kinamuuma kila asubuhi akishuka kitandani, winga ambaye nyama za paja zinamkamata kila msimu, dada wa klabu ya jogging ambaye goti halijamwachia tangu mwaka jana.

Hospitali walishakwenda. Walipewa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu na agizo moja: pumzika. Wakapumzika, maumivu yakaisha, wakarudi uwanjani na maumivu nayo yakarudi. Ndipo rafiki akawaambia kuna fundi fulani, mikono yake hatari, nenda akakuchue.

Fundi huyu nataka kumtetea, kisha nimpunguzie sifa kidogo. Waliosoma humcheka na kumweka fungu moja na wapiga ramli. Wateja wake humsimulia kama mtenda miujiza. Wote hawajajishughulisha kuuliza mikono ile inafanya nini hasa mwilini, na inaishia wapi.

Nimelala kwenye mkeka wa mmoja wao, Temeke, kwa ajili ya msuli wa nyuma ya paja ambao hunishika kila nikitaka kufukuzia mpira. Alianza kwa kiganja kizima, mafuta ya nazi, taratibu kutoka nyuma ya goti kwenda juu. Baadaye akaingiza kiwiko. "Legeza mguu, kaka, usinikazie." Akasimama mahali pamoja karibu na mfupa wa kukalia, akawa anazungusha kidole gumba kama anayetafuta sarafu iliyozama mchangani. "Unaisikia? Mishipa imepandana hapa. Na damu imeganda." Niliisikia kweli, palikuwa na ukanda mgumu unaoteleza chini ya kidole chake, na kila ukiteleza mimi nilikuwa nauma meno. Alipomaliza nikasimama, nikainama, vidole vikagusa sakafu. Wakati naingia vilikuwa vinaishia katikati ya ugoko.

Nafuu ile haikuwa ya kubuni. Maelezo ya fundi ndiyo hayasimami. Na simdhihaki, maana mabingwa wa tiba za mikono wa Ulaya na Marekani, wenye vyeti ukutani na miadi ya kwenye simu, wamesimulia kisa kile kile kwa majina mengine.

Chukua mfano wa Ida Rolf. Huyu alikuwa Mmarekani aliyepata shahada ya uzamivu ya baiokemia katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1920, kwa hiyo sayansi aliijua. Alijenga mfumo mzima wa tiba juu ya wazo kwamba utando unaofunika misuli, yaani fashia, hukaza na kujivuta vibaya baada ya jeraha, na kwamba vidole, ngumi na kiwiko vikibonyeza vya kutosha vinaweza kuunyoosha na kuupanga mwili upya. Mteja hupitia vikao 10, kila kimoja na sehemu zake. Taasisi yake ilianzishwa Boulder, Colorado, mwaka 1971, na wanariadha wenye majeraha yasiyokwisha ni miongoni mwa wateja waaminifu wa mfumo huo mpaka leo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipiga hesabu ya nguvu inayohitajika. Waliona kwamba ili utando mgumu wa upande wa nje wa paja ubonyee kwa asilimia 1 tu, unahitaji mgandamizo wa zaidi ya kilo 900. Kiwiko cha namna hiyo hakipo Colorado, na Temeke hakipo.

Au mchukue daktari Mwingereza James Cyriax wa hospitali ya St Thomas', London. Yeye alifundisha kuchua kano, yaani kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, kwa ncha ya kidole, kwa kupita kinyume cha nyuzi zake, akiamini msuguano unavunja makovu yaliyoshikana ndani. Mbinu yake ilienea kwenye vyuo vya tiba ya viungo katika nchi nyingi, na ukiangalia mikono ya mafundi wetu wa mtaani, wapo wanaofanya hivyo hivyo bila kumsikia Cyriax. Mwaka 2014 wahakiki wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walirudia kukusanya majaribio yaliyofanywa kuhusu mbinu hiyo kwa maumivu ya kano za kiwiko na goti. Ushahidi wa kutosha wa kuitetea haukupatikana.

Kuna na ile ya "kutoa asidi". Kila mchuaji, wa stendi na wa hoteli ya nyota tano, atakwambia anaondoa asidi ya laktiki kwenye misuli. Mwili unaiondoa wenyewe, na baada ya saa moja hivi ya kumaliza mazoezi kazi hiyo kwa kawaida imekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikwenda mbali zaidi mwaka 2012: waliwaendesha vijana 11 baiskeli mpaka wakaishiwa nguvu, wakawachua mguu mmoja kwa dakika 10 na mwingine wakauacha, kisha wakakata vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili. Laktiki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni dalili za uvimbe wa ndani ya chembe: zilikuwa chache kwenye mguu uliochuliwa. Kwa hiyo mikono inafanya kitu, ila si kile inachojisifia.

Basi vidole vyangu viligusaje sakafu? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye neva. Msuli uliowahi kuumia unalindwa na mwili wenyewe. Unakazwa kabla hujafika kwenye kona ya hatari, na maumivu hupigiwa kengele mapema kuliko inavyostahili. Mgandamizo wa mkono huingiza taarifa nyingine kwenye uti wa mgongo, na taarifa hizo huzipunguza nguvu zile za maumivu; watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza utaratibu wa namna hiyo tangu 1965. Mwili unashusha ulinzi na msuli unaachia. Hakuna mshipa uliopandana ukashushwa. Ndiyo maana nafuu hukaa saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, halafu mteja anampigia fundi tena.

Pamoja na hayo kuna jambo ambalo vipimo haviligusi vizuri. Nusu saa nzima mtu mmoja ameshughulika na mguu wako, ameuliza ulianza lini, umepanda ngazi vipi, unalalaje. Linganisha na chumba cha daktari ambako jina lako na dawa yako viliandikwa kwa pumzi moja. Mgonjwa anayesikilizwa hupata nafuu zaidi, na mafundi wetu husikiliza. Hilo peke yake linatosha kuwaheshimu.

Sasa tuje kwenye mahali wanapoishia, na mfano mzuri ni kano ya kisigino. Hii ni kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino, na ndiyo inayowasumbua wakimbiaji na maveterani wengi. Ikichakaa, nyuzi zake hupoteza mpangilio, inavimba katikati, inauma asubuhi, inatulia ukipasha misuli moto, inauma tena jioni. Kuichua kunapunguza maumivu. Kuipumzisha kunayapunguza pia. Tatizo ni kwamba kano hujengwa na mvuto: chembe zake hutengeneza nyuzi mpya zinapovutwa kwa uzito, na zisipovutwa huzembea. Mgonjwa aliyelala miezi miwili anarudi uwanjani bila maumivu, akiwa na kano dhaifu kuliko aliyoondoka nayo. Kisha inauma tena, naye anasema amerogwa.

Aliyegundua njia kwa namna ya kuchekesha ni daktari wa Sweden wa upasuaji wa mifupa, Håkan Alfredson. Alikuwa mkimbiaji na kano yake ilikuwa inamuua. Akamwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa. Akaona isiwe tabu: ataitwisha mzigo mpaka ikatike, kisha wampasue. Akaitwisha kila siku, inauma, anaongeza. Ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wanamichezo 15 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu, na baada ya wiki 12 wote 15 walikuwa wanakimbia tena.

Zoezi lenyewe halihitaji kifaa. Unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa mbele ya nyayo, visigino vikiwa hewani. Unapanda kwa mguu usiouma, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, unashuka nao polepole mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, raundi 3, goti likiwa limenyooka. Kisha mara 15, raundi 3, goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, siku 7 za wiki, kwa wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku. Maumivu ya kuvumilika yanaruhusiwa, na yakiisha unabeba begi lenye mchanga mgongoni ili uzito uongezeke. Anayeumia chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, asishuke chini ya usawa wa ngazi. Kwa wasioweza ratiba hiyo ya kijeshi, utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kunyanyua uzito mkubwa polepole, mara 3 kwa wiki, kunafikisha karibu pale pale.

Msuli wa nyuma ya paja nao una habari ya aina hiyo. Carl Askling na wenzake, Sweden tena, waliwagawa wanasoka 75 wa ngazi ya juu walioumia msuli huo katika makundi mawili ya mazoezi. Waliopewa mazoezi ya kuutumikisha msuli ukiwa umenyooka walirudi kwenye mazoezi kamili na timu kwa wastani wa siku 28. Wenzao, waliopewa mazoezi yasiyounyoosha sana, walichukua siku 51. Makocha wetu wa ligi za mikoa wangeuza duka ili kupata tofauti ya siku 23 kwa mshambuliaji wao, na hii haina bei.

Na kukosa bei ndiko kunakoiponza. Kiwiko kinauzwa, mafuta yanauzwa, mkanda wa goti unauzwa, sindano ndiyo usiseme. Ngazi haina wakala. Hakuna mtu atakayetangaza redioni kwamba usimame kwenye kizingiti cha nyumba yako mara 180 kila siku kwa wiki 12. Tena zoezi hili linauma siku za mwanzo, wakati fundi anakupa nafuu kabla hujavaa viatu. Mwanadamu yeyote mwenye akili timamu, akiwa na noti mkononi na mguu unaouma, atachagua fundi.

Kwa anayekimbia ili ale, uamuzi huo ni mgumu zaidi. Pale Iten, Kenya, kaunti ya Elgeyo Marakwet, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kukandwa ni sehemu ya wiki ya mkimbiaji kama ilivyo mbio ndefu. Wakandaji wengine walikuwa wakimbiaji wenyewe, wanaijua lugha ya mguu uliochoka. Kijana mwenye nafasi ya kukimbia mbio moja nje ya nchi haoni wiki 12. Anaona tarehe ya ndege. Anakandwa ili maumivu yanyamaze, anakimbia, na kano inaendelea kuchakaa chini ya ukimya huo. Tofauti unaiona kule Kaptagat, kwenye kambi ya Eliud Kipchoge na kocha Patrick Sang. Anayewakanda wanariadha wa pale, Peter Nduhiu, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na kukandwa kwao kunakwenda pamoja na vipindi vya mazoezi ya nguvu na uthabiti juu ya mikeka. Watu husifia mikono na kusahau mikeka.

Kuna majeraha ambayo mikono haitakiwi kuyagusa kabisa, na hapa simung'unyi maneno. Mchezaji aliyepigwa goti kwenye paja leo, paja limevimba, akichuliwa kwa nguvu siku hizo za mwanzo anaweza kuota mfupa ndani ya msuli. Madaktari wanaujua ugonjwa huo na huchukua miezi kuisha. Mkimbiaji ambaye ugoko unamuuma sehemu moja, ukibonyeza kwa ncha ya kidole anaruka, na unamuuma hata akiwa amelala usiku, huenda ana ufa kwenye mfupa, na kumchua ni kumpotezea muda huku ufa ukipanuka. Shavu la mguu lililovimba upande mmoja, likawa la moto bila kuumia popote, linaweza kuwa na damu iliyoganda kwelikweli, si ile ya hadithi, na kuisukuma kwa mikono ni kuisafirisha kwenda mapafuni. Enka iliyoteguka ikashindwa kutembea hatua 4, au ikauma ukibonyeza mfupa wenyewe, inataka picha ya eksirei kwanza. Ndivyo yanavyosema masharti yaliyotungwa Ottawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo yanatumika.

Halafu kuna hii imani kwamba usipolia hujachuliwa. Sijui nani aliileta. Fundi anashindana na yowe la mteja, mteja naye anaona aibu kusema basi, na kesho yake mguu una michubuko ya kijani ambayo wote wawili wanaiita dalili ya uchafu kutoka. Michubuko ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka. Mgandamizo wa wastani, unaomwezesha mtu kuendelea kupumua na kuzungumza, hutuliza neva. Ule wa kutoa machozi huufanya mwili ujikaze zaidi.

Mtu atasema dawa ni kuwapiga marufuku wasio na vyeti. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ya mwaka 2014. Ni vizuri ziwepo. Lakini hospitali ya KCMC ya Moshi inafundisha tiba ya viungo kwa miaka mingi sasa na bado timu za mchangani hazijawahi kumwona mhitimu hata mmoja, kwa sababu mhitimu anatafuta mshahara na timu ina ndoo ya maji na michango ya wanachama. Ukimfukuza mchua misuli leo, nafasi yake haitachukuliwa na mtaalamu. Itachukuliwa na mchua misuli mwingine, wa kujificha.

Ninachokipendekeza ni kumbadilishia kazi. Yeye ndiye anayewaona wachezaji kila wiki, wanamwamini, wanamwambia ukweli ambao kocha haambiwi. Apewe mafunzo mafupi ya kutambua ule mfupa wenye ufa na lile shavu la moto, ili awe wa kwanza kusema "hili silishiki, nenda ukapige picha". Kisha apewe ukurasa mmoja wenye zoezi la ngazi, zoezi la paja na safu ya kuweka alama kila siku. Amchue mteja dakika 10, maumivu yakishuka wasimame wote wawili, amhesabie raundi zake. Nafuu ya saa chache ambayo mikono inaleta inatosha kabisa kumfanya mtu aanze zoezi ambalo vinginevyo angelikimbia, na kama kuchua kuna kazi moja ya kudumu kwenye jeraha sugu, mimi naiona hapo.

Nilimweleza fundi wangu wa Temeke habari hii yote. Alisikiliza, akafunga kikopo chake cha mafuta, akauliza: "Sasa kaka, huyo ninayemhesabia ngazi bila kumkanda, atanilipa?" Kwa bei ya kikao kimoja kimoja, hatalipa, atakwenda kwa fundi wa mtaa wa pili mwenye kiwiko kizito. Viongozi wa timu za maveterani na klabu za jogging wanaokusanya ada kila mwezi ndio wenye jibu. Wamlipe kwa mwezi kutoka kwenye mfuko huo huo, na wampime kwa idadi ya wachezaji waliomaliza wiki 12 wakarudi uwanjani, badala ya idadi ya miguu iliyopita kwenye mkeka wake.